Tulimpata aliyepotea, na hatukutakiwa kumtangaza

Niseme mapema usije ukadhani naongea nikiwa pembeni, mi nilikuwa mmoja wao. Kama miaka miwili hivi nilikuwa kwenye grupu la watu arobaini na kitu, hatujuani sura, ila mtu akitangazwa amepotea tu sisi tunaingia kazini. Tunachukua picha zake tunazumu, tunapekua akaunti za ndugu na marafiki, tunapanga nani kamwona saa ngapi, nani kaposti nini, nani kafuta picha ghafla na kwa nini kafuta. Hakuna aliyesomea na hakuna anayelipwa, unatoka kazini umechoka unafungua simu unakesha nayo, bando likiisha unaweka lingine. Tulikuwa tunajiambia tunasaidia, na kuna siku tulisaidia kweli, ila jamani kulikuwa na raha pia. Ile raha ya kuona kitu ambacho wenzako hawajakiona. Hiyo hatukuwa tunaitaja.

Watu wengi wakikuonya kuhusu hii michezo wanakuonya kuhusu kukosea. Na wana haki. Aprili 2013 baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, watu wa Reddit, ule mtandao wa majadiliano, walikaa na picha za FBI wakalinganisha sura, wakaishia kumtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea tangu katikati ya mwezi wa tatu. Sasa fikiria, familia ilikuwa imefungua ukurasa wa kumtafuta mtoto wao, ukurasa huohuo ukajaa matusi mpaka wakaufunga. Siku chache baadaye mwili wake ukaopolewa mtoni, kijana alishafariki hata kabla ya mabomu yenyewe. Reddit waliomba radhi hadharani, lakini radhi unampelekea nani hapo? Mwaka huohuo kuna binti alipotea kwenye hoteli moja Los Angeles, polisi wakatoa video yake ya kwenye lifti, watu wakaichambua fremu kwa fremu, kuna waliomvamia mwanamuziki mmoja wa Mexico kwa vitisho kwa sababu tu anapiga miziki ya kutisha na alishawahi kulala kwenye hoteli ile, na alilala mwaka mmoja KABLA. Binti ilikuja kuamuliwa alizama kwa ajali kwenye tanki la maji juu ya paa.

Hizo stori nilikuwa nazijua zote. Nilikuwa nawahubiria wenzangu kabisa, jamani tusiwe kama wale wa Boston, tuhakikishe. Kwa hiyo yangu mimi haikuwa ya kukosea. Mimi nilipatia.

Ilikuwa hivi. Likaja bango la dada mmoja, kijana tu, picha anacheka, chini wameandika dada yetu ametoweka, simu yake haipatikani siku ya tisa, mama mgonjwa anamuulizia, ukimwona piga namba hii. Nani hataguswa? Tukaingia. Akaunti yake ilikuwa kimya ila rafiki yake mmoja alikuwa ameposti picha ya meza, vikombe viwili, mkono wa mtu wa pili unaonekana kidogo na kwenye mkono kuna kovu ambalo mi nilishaliona kwenye picha zake za zamani. Nyuma ya meza kuna dirisha, na kwenye kioo cha dirisha kuna kivuli cha bango la njano la dukani, limegeuka. Nikaigeuza ile picha, nikaongeza mwanga, nikapata tarakimu nne za namba ya simu na nusu ya jina la duka. Kutoka hapo ilinichukua kama masaa matatu nikitafuta kwenye ramani za mtandaoni zile zenye picha za barabarani, mpaka nikaliona duka, na ng'ambo yake nyumba yenye madirisha yaleyale. Saa nane usiku nikaandika kwenye grupu, "Nimempata", nikaweka na picha zote mbili zimepangwa sambamba na kiduara chekundu.

Sitasahau zile emoji. Watu wananiita fundi, mashine, mkuu. Nililala kama niliyeshinda kombe.

Kulipokucha ile skrinshoti ilikuwa imeshatoka nje ya grupu, mtu kamtumia mwenye bango. Na mwenye bango hakuwa kaka yake. Alikuwa mume aliyekimbiwa.

Alifika pale siku hiyohiyo. Yule dada na rafiki yake walikuwa wameshaondoka maana kuna mtu aliwastua kwamba picha zao zinazunguka mtandaoni, ila mume alikaa nje ya ule mlango muda mrefu anaita jina, na yule rafiki aliyemhifadhi naye ikabidi ahame, na yeye hakuwa amegombana na mtu yeyote duniani. Haya yote nilikuja kuyajua wiki tatu baadaye kwenye meseji fupi kutoka akaunti isiyo na picha. "Kaka habari, mimi ndio yule wa kwenye bango. Naomba ufute ile picha ya dirisha. Sikuwa nimepotea." Akaeleza na hayo mengine kwa mistari minne mitano, hakunitukana hata neno moja, na bora angenitukana.

Basi kuanzia hapo nikaanza kuwa mtu wa kuuliza maswali ya kuchosha kwenye grupu, mpaka nikatolewa, ni sawa. Maswali yenyewe ndiyo nataka nikuachie hapa maana najua unayesoma unayo grupu kama lile, au una shangazi anayefowadi kila bango linalopita.

La kwanza, bango ni la nani? Sio la kumtafuta nani, la NANI. Angalia kama kuna namba ya kituo cha polisi au namba ya kumbukumbu ya taarifa, au tangazo lenyewe lipo kwenye ukurasa wa polisi wenyewe. Kama kuna namba binafsi tu ya mtu anayejiita kaka au mjomba, usisambaze, usitafute, usifanye kitu. Mtu anayemtafuta ndugu kwa wema hatakosa kwenda polisi, na usikubali ile hadithi ya "tumeambiwa tusubiri masaa 24", Uingereza na Marekani polisi wenyewe wanakuambia hakuna kitu kama hicho, unaripoti mara tu ukiona mambo hayaeleweki, na kwa mtoto Marekani sheria tangu 1990 inakataza kabisa kusubirishwa. Na ujue pia mtu mzima ana haki ya kuondoka. Uingereza polisi wakimpata mtu mzima aliyeripotiwa kupotea wanaweza kuiambia familia yuko salama, lakini alipo hawasemi mpaka mwenyewe aridhie. Mi nilisema kwa watu arobaini, na kiduara chekundu juu.

La pili ndilo lenye uzito zaidi. Ukipata kitu, unakipeleka kwa nani? Jibu ni polisi au ile laini ya taarifa iliyotajwa kwenye tangazo rasmi, basi. Sio kwenye grupu, sio kwenye kamenti, na sio ile ya nusunusu ya "nimeona kitu ila siwezi kusema", hiyo ndiyo mbaya zaidi maana unawasha watu wengine nao waanze kuchimba. Hifadhi linki, andika umeiona saa ngapi na tarehe gani, piga skrinshoti yenye ukurasa mzima sio kipande, tuma, nyamaza. Usimtumie mhusika meseji, usiombe urafiki, usibonyeze laiki hata kwa bahati mbaya. Kuna shirika linaitwa Trace Labs wanaoendesha mashindano ya kujitolea ya kutafuta taarifa za wazi za watu waliopotea, na kanuni zao ndiyo hizo, kesi ziwe ambazo polisi wameshaomba umma usaidie, hakuna kumgusa mhusika wala ndugu zake, na kila kilichopatikana kinakwenda kwa polisi. Ukiona hiyo inaboa, maana hakuna makofi, jiulize ulikuwa unatafuta nini hasa. Mi nilijiuliza nikakaa nalo muda.

Halafu kuna hili la nini kinasaidia na nini ni kelele. Kwa nilivyoona, kinachosaidia mara nyingi ni cha mtu aliyekuwepo. 2021 yule binti wa Marekani aliyekuwa anasafiri na mchumba wake kwenye gari la kulala, mamilioni ya watu walichambua posti zake, rangi ya nywele, maneno aliyotumia, lakini kilichosogeza mambo ni familia moja ya wasafiri waliokagua video yao wenyewe wakakuta gari lile limeegeshwa porini Wyoming tarehe 27 Agosti, wakawasiliana na FBI. Hawakuotea chochote, walikuwa wamepita pale na kamera inarekodi. Kwa hiyo kabla hujazumu picha za watu, kagua simu yako, ulikuwa maeneo hayo siku hiyo? Gari lako lina kamera? Kama hukuwepo na huna, basi mchango wako umeisha na hakuna ubaya.

Au uwe na subira ya yule jamaa wa Tennessee, hukohuko Marekani, Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani tu. Kuna mwili wa binti uliokotwa Kentucky 1968 bila jina, yeye akalifuatilia miaka na miaka, mpaka 1998 akakuta kwenye intaneti tangazo la mtu anamtafuta dada yake, vitu vikalingana, akawafikisha kwa wahusika, vipimo vya DNA vikathibitisha. Angalia hapo, hakuna aliyeshutumiwa, alikuwa anatafuta jina la marehemu. Hiyo kazi ya kumrudishia mtu jina ipo mpaka leo na inahitaji watu, ila haina viduara vyekundu.

Kusoma sura za ndugu ni upuuzi, nasema kama mtu aliyewahi kuandika aya kumi na moja kuhusu jinsi mume wa mtu alivyokuwa anapepesa macho kwenye mahojiano. Mwingine halii mbele ya kamera, mwingine anacheka akiwa na hofu, mwingine kapewa dawa alale. Huwezi kujua.

Na vifaa navyo vinadanganya. Saa ya CCTV inaweza kuwa nyuma dakika kumi au lisaa zima na mwenye duka hajui. Ile "mara ya mwisho kuonekana" ya WhatsApp haikuambii ni yeye aliyeshika simu, hata mtu akifungua akaunti yake kwenye kompyuta iliyounganishwa inasoma yupo onlaini. Simu kusoma mnara fulani haina maana amesimama chini ya mnara, eneo linaweza kuwa la kilomita kadhaa. Picha uliyopakua kwenye mtandao wa kijamii mara nyingi imeshafutwa data zake za mahali na muda, kwa hiyo ukiona mtu anajidai kazitoa humo muulize kazitoaje. Mpelelezi mwenye kibali anaomba rekodi kampuni ya simu, wewe unaona skrinshoti iliyopita mikono hamsini.

Kimya cha polisi nacho msikigeuze ushahidi, ingawa hapa polisi wenyewe huchangia. Lancashire, Uingereza, mwanzoni mwa 2023, mama mmoja alipotea tarehe 27 Januari akitembeza mbwa kando ya mto Wyre, simu yake ikakutwa kwenye benchi bado ipo kwenye kikao cha kazi. Watu wakafunga safari kwenda kwenye kile kijiji kurekodi video, kuingia maeneo ya watu, kushutumu majirani, mpaka polisi wakatumia amri ya kuwatawanya. Ukaguzi uliofanywa baadaye uliwalaumu polisi kwa kuacha ombwe la habari ambalo uvumi ulilijaza, na kwa kuanika mambo yake binafsi ya kiafya. Alikutwa mtoni tarehe 19 Februari, na uchunguzi wa kifo ukaamua alizama kwa ajali. Polisi walisema tangu wiki ya kwanza kwamba huenda yumo mtoni. Kwa watoto wake hizo wiki tatu hazikuwa kipindi cha kutazama mtandaoni.

Kama umeshamtaja mtu, na wengi tumeshawahi, kufuta pekee hakutoshi. Futa, kisha andika palepale ulipoandika kwamba ulikosea au hukutakiwa kusema, kwa jina lako lilelile, na waombe waliofowadi nao wafute. Mi nilifanya hivyo. Kati ya wote niliowafuata inboksi, saba walinijibu.

Juzi lile bango limenirudia tena, kwenye grupu la ukoo kabisa, picha ileile anacheka, chini wameongeza "TUSAMBAZE HADI APATIKANE". Nikamfuata binamu yangu aliyelituma nikamwambia alishapatikana zamani, tafadhali futa. Akafuta palepale, namshukuru. Halafu akaandika, "Kumbe! Alikuwa wapi?"

Nikaisoma, nikafunga simu.