Mama ana saratani na tumemkatia ugali: je, tuendelee?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mama yangu ana miaka 57, anaumwa saratani ya titi na ameshapata dripu tatu za kemo. Ana kisukari pia, anameza metformini na glibenklamide. Mjomba alituletea video kwenye simu inayosema sukari ndiyo chakula cha saratani, na kwamba mgonjwa akiacha wanga uvimbe unakufa kwa njaa. Tangu hapo, yapata wiki tano, mama hali ugali, wali, uji wala matunda. Ni mboga, kipande cha nyama na karanga basi. Alikuwa na kilo 58, sasa ana 53. Juzi alfajiri aliamka amelowa jasho, mikono inatetemeka. Tukaambiana ni sumu zinatoka. Je, tuendelee? (Binti yake, Chang'ombe, Dodoma)

JIBU: Pole sana dada, na mpe mama pole yangu. Nitaanzia mwisho wa barua yako, maana hapo hapasubiri.

Lile jasho halikuwa sumu. Kwa ulivyoeleza, kuna kila dalili kwamba sukari ya mama ilishuka. Glibenklamide huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, mtu awe amekula au hajala. Ninyi mmeondoa ugali, dawa mkaiacha kwa kipimo kile kile kilichopangwa wakati anakula ugali. Leo hii mpelekeni kwa daktari anayemtibu kisukari, mbebe na dawa zake, mumweleze alivyobadilishiwa chakula. Kabla hajaonana na daktari asilale na njaa. Ikijirudia hali ile, mpimeni sukari kama mna kipimo. Ikisoma chini ya 4, au kama hamna kipimo, koroga vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, msubiri robo saa, mpime au mumwangalie tena. Kama hajakaa sawa, rudieni, na akishatulia ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu msimnyweshe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Ndiyo, ni sukari ile ile mliyoifungia kabatini.

Sasa tuje kwa video ya mjomba. Ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inashawishi. Miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aliona kwamba seli za saratani hula glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, kwa pupa na kuichachusha hata pale oksijeni ipo tele. Kipimo cha PET kinatumia tabia hiyo hiyo: mgonjwa huchomwa glukosi iliyotiwa florini yenye mionzi, na penye saratani panang'aa kwenye picha. Lakini kwenye picha hiyo hiyo ubongo nao unang'aa. Ubongo wa mtu mzima, akiwa anakula kawaida, hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na mwili hauko tayari kuuacha ulale njaa kwa sababu ya video.

Ukimnyima mtu wanga, ini linachukua kazi ya jiko. Kwanza linatumia akiba yake, ambayo haimalizi hata siku mbili. Baada ya hapo linatengeneza glukosi jipya kutokana na vipande vya mafuta na kutokana na protini. Protini hiyo inatoka wapi? Kama sahani haina ya kutosha, inatoka kwenye misuli: mapaja, mabega, mikono. Damu inaendelea kuwa na sukari, uvimbe unaendelea kujichotea humo, na anayepungua ni mama. Kilo 5 kati ya 58 ni karibu asilimia 9, na katika wiki tano tu. Kwa mgonjwa wa saratani sisi hushtuka akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita, kwa sababu anayekonda namna hiyo huhimili kemo kwa shida, na mara nyingine dozi hupunguzwa au dripu huahirishwa.

Utauliza, mbona watafiti bado wanahangaika na lishe ya keto? Wana sababu. Lishe hiyo, inayoshusha wanga hadi gramu 20 mpaka 50 kwa siku, ilianza kutumika kwa watoto wenye kifafa mwaka 1921, na kwa baadhi yao inasaidia hadi leo. Kwenye saratani wanachotazama zaidi ni insulini, kwa kuwa homoni hiyo huzipa seli amri ya kukua. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa panya, keto iliongeza nguvu ya kundi fulani la dawa za saratani ambazo kwa kawaida hupandisha insulini. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba panya wenye aina moja ya saratani ya damu, walipopewa keto bila dawa, ugonjwa ulikwenda mbio zaidi. Hiyo sehemu ya pili sijawahi kuiona kwenye video hata moja. Kwa binadamu kuna majaribio madogo madogo, mengi ya uvimbe wa ubongo, na hadi sasa hayajathibitisha kwamba keto inamwongezea mgonjwa maisha.

Halafu keto ya kweli si kuondoa ugali tu. Gramu 50 za wanga ni kama gramu 65 za unga mkavu, tonge chache hivi, na nishati iliyobaki lazima itoke kwenye mafuta mengi yaliyopimwa, chini ya uangalizi. Mlichofanya nyumbani si keto. Ni njaa.

Kwa kilo zake 53 mama anahitaji kati ya kalori 1,300 na 1,600 kwa siku, na protini gramu 55 hadi 80, isipokuwa kama figo zina tatizo, daktari atasema. Yai moja lina gramu 6 tu za protini, na kipande kimoja cha nyama nacho hakitoshi. Mrudishieni uji wa uwele, mzito kiasi, utiwe maziwa na karanga zilizosagwa. Ugali wa uwele au mtama, tonge la ukubwa wa ngumi yake, badala ya mlima wa sembe. Na mlenda! Wagogo hawakukosea: mdomo ukiwa na vidonda vya kemo, mlenda uliotiwa karanga na dagaa wa kusaga unateleza wenyewe pale nyama inaposhindikana. Ale kidogo kidogo, mara tano au sita. Zabibu kiganja kimoja baada ya chakula hazina ubaya. Soda na juisi za paketi ziacheni, hapo mjomba yuko sahihi, kwa sababu ya kisukari. Siku za dripu sukari inaweza kupanda kwa ajili ya deksamethasoni anayochomwa kuzuia kutapika. Hilo nalo mwambieni daktari, msijibu kwa kumfungisha.

Nina neno kuhusu karanga, kwa kuwa sasa ndizo zimekuwa chakula chake kikuu. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, husababisha saratani ya ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu hapa hapa Dodoma na jirani zetu Manyara. Nunueni karanga nzima, si za unga uliosagwa tayari. Zimwageni kwenye ungo mchana kweupe, mtoe kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au uchungu. Zikiwa mbaya nyingi, mwageni zote, na msiwape kuku.

Akishamaliza matibabu, kama uzito utakuwa umezidi au sukari inasumbua, kupunguza wanga kwa mpango ni jambo tunaloweza kulizungumza, dawa zikirekebishwa sambamba. Kwa sasa mpimeni uzito kila wiki kwenye mzani ule ule, asubuhi, muandike kwenye daftari.

Mjomba msimgombeze. Mpeni kazi ya kumsindikiza mama kliniki, na simu yake aje nayo, hiyo video aionyeshe kwa daktari mwenyewe.