Maswali Yenu ya Kazini: Cheti Kingine cha Nini?

Nimemaliza shahada ya ugavi mwaka jana, bado natafuta kazi. Kuna semina ya siku mbili ya mawasiliano na uongozi, ada 150,000, cheti kipo. Nilipie? (Tabata)

Usilipie. Swali hili naletewa kila wiki, kinachobadilika ni bei tu. Ukumbi wa hoteli, spika kubwa, jamaa wa suti anakuamuru umgeukie jirani umwambie "wewe ni mshindi". Saa saba pilau, saa kumi cheti chenye mhuri wa dhahabu. Hakuna aliyejifunza kusikiliza kwa kupigiwa kelele siku mbili. Mtu wa ugavi anayejua mawasiliano ni yule ambaye mzigo ukikwama bandarini, mkuu wake anaambiwa siku hiyohiyo, tena kabla hajauliza. Kama shida yako ni kusimama mbele za watu, Dar es Salaam kuna klabu za Toastmasters. Utaratibu wao ulianza Marekani mwaka 1924: unahutubia, unapimwa muda, mwenzako anakutajia kasoro zako waziwazi, na mkutano ujao unarudi. Ukishindwa ada yao, gombea ukatibu wa kikoba cha mtaani kwenu. Andika muhtasari wa kikao ambacho watu walitaka kurushiana viti, kisha usomwe kikao kijacho na wote wakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ukiweza hilo, wewe ndiye utakayewafundisha wenye semina.

Kwenye CV niandike kwamba ninajituma na ninaweza kufanya kazi chini ya presha? (Morogoro)

Futa. Wote wameandika hivyo, hata waliofukuzwa kwa uvivu.

Nina miaka 27, nimepandishwa kuwa msimamizi wa ghala. Chini yangu kuna dereva wa miaka 56, na huwa namwamkia. Wenzangu wanasema najishusha. Juzi alichelewa saa mbili nzima nikashindwa kumwambia kitu. (Mwanza)

Endelea kumwamkia. Shikamoo haijawahi kumvua mtu cheo, na hao wenzako hawatakuwepo siku wapakiaji wote watakapokugomea kwa sababu umemdharau mzee wao. Tatizo lako ni kwamba umeigeuza heshima kuwa maficho.

Mwite pembeni, mbali na wapakiaji. Mpe kiti, nawe ukae. "Shikamoo mzee. Juzi gari lilitoka saa nne badala ya saa mbili, mteja wa Geita akapokea mzigo usiku. Kulikuwa na nini?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo vijana wengi mnapoharibu: mnauliza, mnaogopa kimya, mnamjibia wenyewe. "Au ilikuwa foleni, mzee?" Basi naye atasema ndiyo, ilikuwa foleni. Mwache aseme mwenyewe. Akikuambia ana mgonjwa nyumbani, mpangieni zamu nyingine. Akikosa la maana, mwambie: "Kesho saa mbili naomba gari liwe njiani. Ukiona haiwezekani, nipigie saa kumi na mbili asubuhi nipange mwingine."

Akirudia, sasa ni onyo la maandishi, na bado utamwamkia unapomkabidhi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinataka hivyohivyo: kosa dogo lirekebishwe kwanza kwa mazungumzo ya kawaida, maonyo rasmi yaje likijirudia. Ila nakuonya, usimtume mtu akamfikishie ujumbe. Mzee akisikia kwa mpakiaji kwamba "bosi mdogo analalamika", utatafuta heshima yake hadi astaafu.

Bosi anachukua ripoti ninayoandika mimi, anaiwasilisha kama yake. Niende kwa afisa utumishi? (Arusha)

Bado. Ripoti ya idara hutoka kwa jina la mkuu wa idara, ofisi nyingi ziko hivyo, na wewe unalipwa kuiandika. Kama ni wazo lako binafsi, litume kwa barua pepe kabla ya kikao, na wahusika wapate nakala. Kisha omba uwasilishe sehemu ya takwimu, "ili yakija maswali niyajibu palepale". Mabosi wa aina hiyo wanayaogopa sana hayo maswali. Atakubali.

Meneja alinifokea kwenye kundi la WhatsApp la ofisi saa tano usiku. Nimjibu hapohapo?

Hapana. Asubuhi, ana kwa ana. Na ninyi mnaobandika vikatuni vya kucheka chini ya ujumbe wake, zamu yenu inakuja.

Nataka kuomba nyongeza. Kodi ya nyumba imepanda, mtoto ameanza shule. (Dodoma)

Kwa hayo utapewa pole. Mweleze bosi kazi: ulianza na matawi mawili, leo unahudumia matano. Omba miadi kabla bajeti haijapangwa, usimvizie kwenye korido. Kama uko serikalini, mshahara unafuata daraja, hakuna wa kubembeleza. Jaza PEPMIS yako, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kwa wakati, acha kukurupuka mwisho wa mwaka halafu ulalamike umerukwa.

Nimepata kazi sehemu nyingine. Nikiacha tu kwenda bila kuaga kuna ubaya? (Temeke)

Upo. Kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza kazini sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28. Zitumie kukabidhi mafaili, nywila na namba za wateja, na dai cheti chako cha utumishi, ni haki yako. Mwajiri mpya akipiga simu kukuulizia, atakayepokea ni yule dada wa mapokezi ambaye miaka yote ulikuwa unampita bila salamu.