Ukiambiwa operesheni ya koo inapitia mdomoni, jipangie wiki mbili za baadaye

Ndugu zangu, juzi binamu yangu kanipigia kutoka Dar, ana kansa ya tonsili, vile vinyama vya pembeni kooni, na anaenda India kufanyiwa operesheni ya roboti kupitia mdomoni, akaniambia afadhali sichanwi, siku ya kumi niko kwenye ndege narudi. Nikamwambia tulia kwanza nikusimulie, maana mimi nilifanyiwa hiyohiyo hapa Philadelphia na nilikuwa na mawazo kama yako.

Yangu ilianza na kivimbe shingoni, chini ya taya, hakiumi, nilikuwa nakigusa nikinyoa ndevu. Kliniki ya kwanza wakanipa antibayotiki, zikaisha wakanipa zingine, miezi mitatu ikakatika hivohivo. Mtu mzima ukiwa na kivimbe cha shingo kimepita wiki mbili tatu hakipungui, usikubali kuzungushwa, dai wachukue kinyama wakapime. Mimi sijawahi kuvuta sigara, ndo maana hakuna aliyewaza kansa, kumbe ni kansa ya koo iliyoletwa na kirusi cha HPV, kilekile kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi kwa kina mama.

Zamani ili wafike huko nyuma ya ulimi walikuwa wanapasua mdomo wa chini na kukata taya. Hii njia ya roboti waliianzisha madaktari Weinstein na O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na Marekani iliiruhusu rasmi 2009. Roboti haifanyi kitu yenyewe, daktari anakaa pembeni anaangalia kwenye kioo na mikono yake ndo inaendesha vile vyuma vyembamba, wewe umelala usingizi wa dawa, mdomo umetanuliwa na chuma kinachokandamiza ulimi. Wangu ulikufa ganzi wiki kadhaa, chai nilikuwa naisikia kama maji ya moto tu. Na shingo nilichanwa, kwa sababu tezi za shingoni, ambako kansa ya koo huwa inasambaa, zinatolewa kwa nje, hilo wengi hawaambiwi mapema.

Sasa maumivu. Kidonda cha koo kwa kawaida kinaachwa wazi kipone chenyewe, na sikio la upande ule linauma kuliko hata koo, usishtuke, mishipa ya fahamu ni ileile. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kula, usisubiri yapande. Mama watoto alikuwa ananichujia uji mwembamba, ukipoa napiga kijiko kimoja, nainamisha kidevu kifuani, nameza, nameza tena. Kikombe kimoja dakika arobaini, jasho linanitoka.

Kubwa zaidi ni damu. Usiku wa siku ya nane niliamka nasikia ladha ya chuma mdomoni, nikatema kwenye sinki, damu mbichi kabisa, kama vijiko viwili hivi, halafu ikakata yenyewe. Nikasukutua nikarudi kitandani. Mke wangu aliona sinki, hakubishana na mimi, akapiga 911, namba ya dharura ya huku, na usiku uleule nikarudishwa chumba cha operesheni wakachoma mshipa uliokuwa unavuja. Daktari akanieleza kigaga kinabanduka ndani ya wiki mbili za mwanzo, na damu kidogo inaweza ikatangulia ile kubwa ambayo inaziba njia ya hewa. Kwa hiyo hata ikikata, nenda. Kaa wima, itemee nje usimeze, usiendeshe gari mwenyewe.

Ndo maana nikamwambia binamu tiketi asogeze, akae karibu na hospitali wiki tatu, asilale chumba cha peke yake. Na kabla ya kusaini amuulize daktari ameshafanya ngapi za hivi, na je baada ya hapo mionzi itahitajika au la, maana mimi nilijua nimemaliza, kumbe tezi mbili zilikutwa na kansa na nikaongezewa mionzi wiki sita. Tiketi kashabadilisha, maswali kayaandika kwenye simu.