Ukipingwa jina la mnyama, usiondoke

Juzi nilipokea ujumbe wa kijana mmoja anayesomea uongozaji wa watalii pale Moshi. Alikuwa anajitolea iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe na wengine huzitambua kwa majina. Aliandika hivi: "Kaka shikamoo. Niliandika bweha wa dhahabu kwenye picha ya mtu iliyopigwa Ngorongoro. Muda si mrefu akaja mtu wa Ulaya akaandika jina jingine, hata salamu hakunipa. Mimi nimezaliwa Karatu, bweha nawajua tangu mtoto. Nimeacha. Hivi hii kazi ya bure inamsaidia nani?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza, na kwa sababu hapo ulipoguswa mimi niliguswa zamani na bado pananiuma.

Aprili 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa, nilikuwa dereva na mwongoza watalii hapa Arusha, nina msimu mzima wa safari umeshapangwa. Zikafutwa moja baada ya nyingine. Magari yakaegeshwa yadi, tukaambiwa twende nyumbani tusubiri simu. Mwenye familia anajua kusubiri simu ni nini. Katika siku hizo, mgeni mmoja niliyewahi kumzungusha Serengeti akanitumia kiungo cha Snapshot Serengeti, mradi wa mtandaoni wa kutambua wanyama waliopigwa picha na kamera za porini, akaniambia huku wanahitaji macho kama yako. Nikaingia kwa bando la usiku, lile la bei nafuu.

Kwa asiyeujua, mradi huo ulianza na Ali Swanson, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akishirikiana na mradi wa simba wa Craig Packer. Kuanzia 2010 zilifungwa kamera 225 katikati ya Serengeti, katika eneo la kilomita za mraba 1,125, ili ijulikane simba, fisi, chui na duma wanaishije pamoja bila kumalizana. Kamera hizo zinajipiga zenyewe zikihisi joto na mwendo, kwa hiyo nyasi zikipepea kwenye jua kali nazo zinapigwa picha. Picha zikafurika. Mwishoni mwa 2012 zikafunguliwa kwa watu wote kupitia Zooniverse, tovuti ambako watu wa kawaida hujitolea kusaidia watafiti. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha mafungu ya picha milioni 1.2, na yaliyokuwa na mnyama ndani yake yalikuwa 322,653 tu. Mengine karibu yote yalikuwa nyasi na kivuli. Watu zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, na wengine wengi wasiojiandikisha, walitoa majibu milioni 10.8. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya wataalamu, jina la mnyama lilikuwa sahihi kwa asilimia 96.6.

Hapo ndipo jibu la swali lako la nani anasaidiwa linapoanzia. Picha moja wanaonyeshwa watu wengi, na hakuna anayeona mwenzake amejibu nini. Kwa kanuni za wakati ule, watano wa mwanzo wakisema hakuna kitu, picha ilitolewa. Kumi wakitaja mnyama yuleyule, ilitolewa. Wasipoafikiana iliendelea kuzunguka. Na hakukuwa na kitufe cha "sijui". Waliweka hivyo makusudi, maana hata kubahatisha kwako kunawaeleza kwamba picha hii ni ngumu. Kwa hiyo kule usiogope. Ukiona ubavu tu, au macho mawili yanawaka gizani, sema unachoona na uende mbele.

Mimi nilikuwa na faida ambayo wengi hawakuwa nayo, na ninaisema bila haya. Miaka yote ile nimekaa nyuma ya usukani, tukisemezana kwa redio sharubu (yaani simba) wako wapi, madoa juu (yaani chui) yuko mti gani, nilikuwa nasoma bila kujua kwamba nasoma. Picha inakuja ya matako ya swala peke yake, kichwa kimekatwa. Mtu aliyeko Manchester anatafuta mstari mweusi wa ubavuni, anaukuta, anaandika swala tomi. Lakini swala granti jike, hasa akiwa mdogo, naye anaweza kuwa na mstari mweusi ubavuni. Mimi siangalii huko kwanza. Naangalia weupe wa matakoni. Kwa tomi weupe unaishia chini ya mkia. Kwa granti unapanda, unapita juu ya shina la mkia na kuingia mgongoni, umezungushiwa mstari mweusi kila upande. Mkia wenyewe pia: wa tomi ni mweusi na hautulii. Ukishajua hilo, kichwa cha nini?

Shika hili mdogo wangu, kwa sababu ndilo ushauri wangu mkubwa: tafuta alama moja isiyodanganya kwa kila mnyama, na ujue ile inayodanganya watu. Duma ana machozi meusi mawili usoni na madoa yaliyojaa; chui ana madoa yaliyojipanga kama maua na uso usio na machozi. Nyamera ana mapaja meusi yanayoelekea buluu. Kongoni ni mwekundu mpauko na hana mabaka hayo. Kitabu kitakupa alama kumi. Wewe shika moja.

Baadaye nikahamia iNaturalist, na huko ndiko nilikoumizwa.

Kule desturi ni nyingine. Mtu yeyote anaweka picha ya kiumbe chochote, awe chawa au nyangumi, na watu wanaitambua hadharani, jina lako likiwa pembeni ya jibu lako. Wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili, na tarehe na mahali vipo, picha inapanda daraja la kufaa utafiti, na nyingi katika hizo zinapelekwa GBIF, hazina ya dunia ya takwimu za viumbe yenye makao Copenhagen. Kutoka hapo mtafiti yeyote anazichukua. Kwa hiyo jina bovu likipita, linasafiri mbali.

Mgeni mmoja aliweka picha ya mjusi juu ya jiwe, kwenye vilima vya mawe vya Serengeti. Kichwa, shingo na mabega vina rangi nyekundu inayokaribia waridi, mwili buluu. Nikaandika Agama mwanzae. Huyo ni wa kwetu, ana jina la Mwanza, na kila mwongozaji amewahi kusimamisha gari ili wageni wampige picha. Akaja mtu mwenye majibu maelfu kwa maelfu, akaandika Agama agama, na chini yake akaniandikia kwamba ni vema watambuzi wapya wakawaachia wenye uzoefu wa kanda hii. Kanda hii! Mimi nilikuwa nimekaa Ngaramtoni, hapa Arusha, yeye yuko bara jingine.

Nilinyamaza siku ile kwa sababu ningejibu vibaya. Kesho yake nikakaa nikaandika sentensi nne. Kwamba Agama agama, kwa uainishaji wa sasa, ni wa Afrika Magharibi. Kwamba yule wa kichwa cha rangi ya machungwa anayeonekana sehemu nyingi za Kenya na Tanzania ni Agama lionotus, na dume lake lina mkia wenye pingili za buluu na nyeupe. Kwamba huyu wa kwenye picha wekundu wake unashuka hadi mabegani, na mkia hauna pingili. Na kwamba mahali pa picha panalingana na makazi ya mwanzae. Basi. Sikuweka neno la hasira. Wakaja wengine watatu mmoja baada ya mwingine wakaniunga mkono, na jina likasimama. Yule bwana aliondoa jibu lake kimyakimya. Samahani sijaipata hadi leo, na sitaficha kwamba ningependa kuipata.

Lakini kilichofuata ndicho ninachotaka ukishike. Niliingia kwenye mijusi ya namna hiyo yote ya Tanzania na Kenya, picha kwa picha, nikirekebisha na kuandika sababu. Nikawa mtu wake. Leo mtu akibishana kuhusu mjusi wa mawe wa Serengeti, wananiita kwa kutaja jina langu. Mtafiti mmoja aliniandikia akiomba nimsaidie kupitia picha za upande wa Mwanza. Na wageni wapo wanaofika Arusha wakiniulizia mimi, maana waliona jina langu huko kabla hawajakata tiketi. Hakuna aliyenilipa kwa kutambua, na hakuna atakayekulipa. Mimi kazi yangu imekua kwa sababu hiyo, na najua nawe unataka siku moja uulizwe kwa jina, si upangiwe gari tu.

Sasa bweha wako. Nimeifungua picha. Macho yako yako sawa: mnyama ni yule yule unayemjua tangu Karatu. Kilichobadilika ni jina. Mwaka 2015 utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba bweha wa dhahabu wa Afrika na yule wa Ulaya na Asia, ingawa wanafanana sana kwa sura, walitengana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na wetu yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kaskazini, wale wakubwa wa kijivu. Kwa hiyo Canis aureus amebaki kuwa wa Ulaya na Asia, wetu anaandikwa Canis lupaster. Vitabu vingi vilivyomo kwenye magari yetu ni vya kabla ya hapo. Yule Mzungu angeweza kukueleza kwa sentensi mbili, na mimi namlaumu kwa kutokufanya hivyo. Mtu anayemkosoa mwenzake bila kumpa sababu hajamfundisha kitu. Lakini nawe ungemuuliza. Andika tu: naomba unieleze umeona nini. Wengi wao wanajibu, na wanajibu vizuri.

Usifanye kosa ambalo vijana wengi ninaowaona wanalifanya: mtu akishakupa jina la picha yako, unabofya "nakubali" kama shukrani. Shukrani iandike kwa maneno. Kubofya ni kutoa ushahidi, kwamba wewe mwenyewe umeiona alama na unaweza kuitetea. Watu wawili wakibofyana kwa heshima, mende anakuwa nyuki na anafika Copenhagen. Nasema hili kwa ukali kwa sababu ni la uaminifu.

Na huku, tofauti na Snapshot Serengeti, ukiishia njiani hujashindwa. Ukiona ni swala lakini weupe wa nyuma hauonekani, andika kundi lake na uishie hapo. Mfumo ukikuuliza kama hujui zaidi au kama unampinga aliyetangulia, jibu kweli. Kompyuta nayo inapendekeza majina. Yasome, kisha angalia alama yako mwenyewe.

Kazi iliyolala sasa hivi ni rundo la picha za Tanzania ambazo hazina jina lolote. Chuja kwa nchi, chuja kwa zisizotambuliwa, uanze hata kwa kuandika ndege, mdudu, mmea, ili anayejua ndege azione. Mengi ni maua ya bustani za loji. Mgeni ameshuka kwenye gari, ameona bugenvilia nzuri, amepiga. Iweke alama kwamba imepandwa, isije ikahesabiwa kuwa ni mmea wa porini wa Ngorongoro. Ni kazi kavu, nakubali, na ndiyo sababu tunaikimbia. Tunalalamika kwamba watu wa nje ndio wanaoamua majina ya wanyama wetu, na sisi tuliolala nao jirani tunapitisha usiku kwenye makundi ya WhatsApp tukitumiana vichekesho. Bando ni lile lile.

Ukifika huko utakutana na picha za kakakuona. Tambua, lakini usiandike kwenye maoni jina la mto, kijiji wala mti unaoujua kwa nyuma ya picha, hata kama umefurahi kuvitambua. Mfumo unaficha mahali halisi pa wanyama walio hatarini, ila hauwezi kuyaficha maneno yako, na wawindaji nao wanasoma. Ukikuta aliyepiga ametaja mahali kwenye maelezo yake, mwandikie ujumbe wa faragha, kwa adabu, umwombe ayafute. Mimi nikifanya hivyo huwa naanza na salamu, kisha namweleza magamba ya mnyama huyo yanavyosakwa, na wengi wanafuta siku hiyo hiyo.