Kupiga picha za maisha ya kila siku Moroko: kaa mahali pamoja

Mji mkongwe wa Fes haupigwi picha kwa mbio. Vichochoro ni vyembamba, na mwenye punda hamsubiri mtu: ukisikia "Balak!" nyuma yako, bana ukutani kwanza, kamera baadaye. Aliyezoea Lamu hatashangaa. Tafuta kona moja, hasa karibu na farani, tanuri la mtaa ambako watu huleta mikate ya nyumbani ikiwa mibichi ubaoni ili iokwe. Kaa dakika ishirini bila kupiga. Wakishakuzoea, ndipo uanze.

Masoko mengi yameezekwa mbao au matete yenye mianya. Karibu na adhuhuri jua hupenya kama vijiti, na hapo ndipo kamera hukosea: hupima kivuli, jalaba (kanzu yenye kofia) jeupe lililopigwa na mwale likaungua, yaani likatoka weupe mtupu. Weupe ulioungua haurudi. Punguza fidia ya mwanga kwa stopu moja (nusu ya mwanga) au moja na nusu, piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), kivuli utakiinua kwenye kompyuta. Kwa anayetembea, shata isiwe polepole kuliko 1/250 ya sekunde. Kwa mshona viatu aliyeketi 1/125 inatosha, ila nyundo yake itatoka na ukungu kidogo (wengine huupenda). Tundu la lenzi f/4, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 1600 hadi 3200, lenzi ya milimita 35. Ile ya 200 iache hotelini. Ukiwapiga watu kutoka mbali watahisi unawapeleleza, na hawatakuwa wamekosea.

Mji wa Chefchaouen una tatizo lake: kuta za buluu huidanganya kamera. Mizani ya rangi ikiwa otomatiki, buluu hufifia na nyuso huwa na umanjano. Iweke kwenye alama ya jua, kama Kelvin 5200 (kipimo cha rangi ya mwanga), na umsogeze mtu mbali kidogo na ukuta usimmwagie rangi usoni.

Ruhusa huanza na salamu. Sema "Salam aleikum", kisha "Mumkin tswira?" (picha inawezekana?) Akijibu "wakha", sawa. Akisema "la", au akijifunika uso tu, shusha kamera, sema "smeh liya" (samahani), usibembeleze. Msafiri Mwislamu ataingia misikiti ambayo wasio Waislamu huzuiwa, lakini kuingia si ruhusa ya kupiga picha watu wakisali.

Uwanja wa Jemaa el-Fnaa, Marrakech, ni habari nyingine. Mwenye nyoka na mpiga ngoma wako kazini, picha ndiyo riziki yao. Patana bei kabla ya kuinua kamera, si baada. Weka sarafu za dirhamu 5 na 10 mfukoni, mbali na pochi. Ukitoa noti ya 200 usitarajie chenji.

Askari na polisi usiwapige. Droni usiibebe kabisa, forodha wataizuia uwanja wa ndege.

Na Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Fes hufungwa: watu wako msikitini, kisha kwenye kuskusi nyumbani. Chaji betri, futa lenzi, rudi alasiri.