Watu kumi uani, na moyo unadunda

Ndugu, umesema umealika watu kumi uani Jumamosi, na tangu juzi usingizi umekuruka ukihofia mtakaa kimya mkitazamana. Pole. Mimi pia hutetemeka kila nikialika watu, na nimegundua kimya hicho ni cha nusu saa ya kwanza tu, wale wawili watatu waliowahi wakiwa hawajui waweke wapi mikono. Kwa hiyo mwombe rafiki mmoja uliyemzoea afike mapema. Kila anayeingia mpe kinywaji, kisha kazi ndogo: kusogeza viti, kuvunja barafu, kuchagua muziki. Mwenye kazi hajioni mgeni, nawe unapata cha kusema naye.

Viti usivipange duara kubwa kama mkutano. Viweke vitatu vitatu karibu na chakula, na vikipungua kidogo usijali. Wanaosimama ndio huzungukia wengine.

Chakula kiwe cha kupikwa mapema na kinacholika hata kikipoa. Usijaribu pishi jipya siku hiyo (mimi niliwahi, tukala saa nne usiku). Ila chenye nyama, maziwa au mayai kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, muda usizidi saa 1. Barafu, kadiria nusu kilo kwa kila mtu.

Kwenye mwaliko taja pia saa ya kumaliza. Na mvua ikinyesha? Waingize sebuleni, wabanane.