Barua kwa mwanangu, kabla hujawavusha wanafunzi kwenda mapangoni Unguja

Kiomoni, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Huku tu wazima. Mama yako analalamika goti, lakini sokoni bado anakwenda kwa miguu na kurudi na kapu limejaa, kwa hiyo usitie shaka.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema shule yenu huko Morogoro imepanga kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Unguja likizo ya mwezi wa sita, wakaone mapango, na mwalimu mkuu amekutwika wewe mzigo wote. Ukaniuliza mambo mawili: muanzie wapi, na kama ni sawa kuwaachia watoto waogelee humo mapangoni kama wanavyowaona wageni kwenye picha za simu.

La pili nalijibu kwanza: wasiingie majini. La kwanza nalo halina maneno mengi: muanzie kwa wenye pango. Majibu hayo mawili yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni maji.

Wewe Unguja umeijua kwa upande wa mjini na mashambani, kwenye mikarafuu na minazi. Upande wa mashariki na kusini, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, ni nchi nyingine. Huko ni maweni. Ardhi yote ni jiwe la matumbawe la zamani lililobaki nchi kavu bahari iliposhuka, na udongo umejibanza kwenye mashimo tu. Mto huoni. Mvua ikinyesha haitiririki popote, inazama hapo hapo ilipoangukia. Chini inakutana na maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, yanakaa juu yake, tabaka jembamba la maji baridi. Visima vya vijiji vinafika kwenye tabaka hilo. Pango lenye dimbwi nalo limefika hapo hapo, isipokuwa lenyewe halikuchimbwa na mtu.

Sasa fikiria mtoto aliyejipaka mafuta ya kujikinga na jua, au losheni, au dawa ya mbu, akajitupa humo. Kwenye nchi yenye udongo mnene uchafu ungechujwa kabla ya kufika mbali. Maweni hakuna chujio, jiwe lina matundu tele, na kilichoingia pangoni kinaweza kutokea kwenye ndoo ya mtu. Mtoto mmoja labda asidhuru kitu, lakini nyinyi mnakuja na watoto thelathini na kitu, na wiki ijayo inakuja shule nyingine.

Najua utaniambia kuna mapango wenyeji wenyewe wameyafungua kwa kuogelea na wanatoza kiingilio. Kweli yapo, Jambiani lipo na Paje lipo, na siwalaumu, kijiji kinahitaji fedha. Mtu mzima akienda pale akajisuuza kwanza kwa maji matupu, akaingia bila mafuta wala sabuni, sina neno naye. Wewe ni mwalimu. Kundi lako litafanya lile la kwanza litakaloruhusiwa na kusahau masharti yote yaliyofuata. Wanataka kuogelea, bahari ile pale. Subirini maji yajae, maana yakitoka kule mtatembea mpaka mchoke kabla hayajafika magotini.

Nakuja kwa wenyewe. Usifike pangoni na basi la watoto halafu ndipo uanze kuuliza. Nenda kwanza kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa shehia, kama mwenyekiti wa kijiji huku bara. Ukifika kwa sheha umefika kijijini, ukimruka umeingia kama mwizi hata kama mkononi una barua ya wizara. Yeye ndiye atakayekwambia pango lipi ni la maji ya kunywa, lipi lina mlinzi, lipi lina mzimu, na siku gani wenyewe wana shughuli zao humo. Kiongozi mchukueni kijijini hapo hapo na mumlipe yeye mkononi. Kijana wa mjini mliyempata bandarini atawapeleka anakojua yeye, na fedha itarudi naye mjini.

Habari ya mizimu uwaandae watoto mapema. Unanijua, mimi si mtu wa mizimu. Lakini watu wanakwenda. Mtakuta vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa, majivu ya ubani kwenye kigae, pengine na sarafu. Hapo watoto wasicheke, wasiguse, wasipige picha. Hata kwenye mapango ya Amboni hapa kwetu Tanga iko sehemu ya namna hiyo, na nimewahi kuona kijana wa mjini akichutama mbele ya chetezo apige picha yake ya simu, huku mama mmoja amesimama nyuma yake na sahani ya matoleo, anangoja amalize. Yule mama hakusema kitu. Mimi niliyekuwa pembeni ndiye niliyeona haya.

Kama mtakwenda pango moja tu kwa ajili ya masomo, nakushauri Kuumbi, hapo Jambiani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuchimba humo mwaka 2005, na baadaye wakaja watafiti wa Oxford. Wamekuta zana za mawe na dalili za watu wa kale sana, wanazungumzia kama miaka 20,000 nyuma. Kitakachowashangaza watoto zaidi ni mifupa ya punda milia. Unguja punda milia katoka wapi? Alikwenda kwa miguu. Zama za barafu bahari ilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Bahari ilipopanda ndipo ikawa kisiwa, miaka kama 10,000 na kitu iliyopita. Waulize swali hilo la punda milia mkiwa bado nje juani, uwaache wabishane kwanza. Ila wakiwa ndani mtu asifukue hata kwa ncha ya kiatu, asiokote kigae wala mfupa, kwa kuwa kitu kikishatoka kwenye tabaka lake hakimwambii mtafiti lolote tena.

Mangapwani wengi hupachanganya. Kule kaskazini mwa mji kuna sehemu mbili. Moja ni pango la asili lenye maji ndani. Nyingine, umbali kidogo kutoka hapo, ni chumba kilichochongwa kwenye jiwe, ambamo watumwa walifichwa baada ya biashara kupigwa marufuku mwaka 1873. Hicho si pango la kwenda kushangilia. Kama ratiba inabana, acheni lile la asili muende hicho chumba na mwalimu wenu wa historia, mkae kimya kidogo. Watoto wa kidato cha tatu wanaliweza hilo.

Kabla ya yote hayo lakini, napenda mpitie huku. Njia ya Morogoro kuja Tanga inapitika, meli ya kutoka Tanga kwenda Unguja kupitia Pemba ipo, utaulizia ratiba. Wapitishe Amboni wajifunzie adabu ya pangoni huku kwetu, kwenye jiwe gumu la miaka ipatayo milioni 150, kabla ya kwenda kwenye lile la Unguja lililo changa na laini. Siku hizi Amboni iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, waongozaji wapo, na njia ya wageni inajulikana.

Waongozaji watawasimulia mbwa aliyepotelea humo akatokea Mombasa, wengine husema Kilimanjaro. Waacheni wafurahi, ila wajue ni hadithi. Watafiti wa Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango mwaka 1994 na lile refu kuliko yote lilikuwa mita 900. Watawasimulia pia Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humo enzi za mkoloni. Hiyo babu yako alikuwa akiisimulia vizuri kuliko wao wote.

Ninachotaka uwaonyeshe ni kingine. Unajua nimekula kwa chokaa tangu ujana. Jiwe tulilipanga kwenye tanuu tukalichoma, na moto ulichokuwa unatoa mle ni hewa ya kaboni iliyofungwa ndani ya jiwe. Pangoni kazi ni hiyo hiyo lakini kwa baridi na kwa utaratibu wake. Mvua inachukua hewa hiyo angani na kwenye udongo, inapata ukali kidogo, inayeyusha jiwe na kushuka nalo. Tone likifika kwenye dari ya pango hewa inatoka, chokaa inabaki. Inayobaki kwa tone moja huwezi kuiona. Kwa mwaka mzima haifiki milimita. Mawe ya kuchoma nimevunja mengi na sijutii, nyumba za watu zimesimama. Lakini lile linaloning'inia pangoni likivunjwa na mtoto anayetaka ukumbusho, hakuna wa kulirudisha.

Na kulishika nako ni kuliharibu. Kuna mahali njia inabana, kila anayepita anajishikiza kwenye jiwe moja la kushoto. Limekuwa jeusi, linang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Pembeni yake, juu kidogo pasipofikika, liko jingine jeupe lenye unyevunyevu, na mara nyingi utakuta tone limesimama kwenye ncha. Lile jeusi limekufa, mafuta ya viganja yamelifunika, chokaa haigandi tena. Wasimamishe watoto hapo wayamulike yote mawili. Ukutani wataona na majina ya watu, fulani alikuwa hapa na mwaka wake. Waambie wazi kwamba jina lolote jipya litakalopatikana baada yao wewe utalijua, kwa sababu orodha unayo.

Sasa popo. Mama yako ndiye aliyeniambia nikuandikie haya kwa urefu. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa Marburg, homa kali ya virusi wanaobebwa na popo, baada ya kuingia pango la popo nchini Uganda, na mwaka 2023 ugonjwa huo ulitokea kwetu Kagera. Sisemi popo wa Amboni au wa Unguja wanao. Nasema hamna sababu ya kujaribu. Mahali popo walipojazana msiingie kabisa. Kwingine wavae barakoa, kwa kuwa hata vumbi la mavi yao lina kuvu wanaoshika mapafu, wasile chochote ndani, wasishike popo mzima wala mfu, na wakitoka wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Wasiwarushie mawe wala kuwamulika usoni. Popo akishtuka wakati ananyonyesha humwangusha mtoto. Na ndio wanaochavusha mibuyu, hilo mwalimu wa baiolojia atawaeleza.

Mwezi mmeuchagua si vibaya. Masika itakuwa imepita, lakini msubiri mwishoni mwa Juni jiwe likauke na maji yashuke. Mto Mkulumuzi hapa kwetu ukijaa si wa kuchezea. Mvua kubwa ikinyesha siku yenyewe, ahirisheni, hata kama basi limelipwa. Mwezi huo ni wa kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari itakuwa na mawimbi, kwa hiyo watoto wasishibe sana kabla ya kupanda meli, na chukueni mifuko ya kutapikia.

Mwanga usitegemee simu. Kila mtoto awe na tochi yake, ya kichwani ikipatikana, na nyinyi walimu muwe na za akiba pamoja na betri. Mishumaa na vibatari hapana, moshi unapaka dari masizi. Ingieni kumi kumi, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, mkihesabiana mnapoingia na mnapotoka. Wanaongoja nje wajue saa ya wenzao kurudi. Mwenye pumu au anayeogopa giza abaki nje bila kuchekwa. Haja wamalize kabla, na chupa ya maji inayoingia ndiyo itakayotoka.

Kijijini wavulana wavae mashati, wasichana wawe na kanga mkononi. Hilo halihitaji maelezo.

Umeniuliza pia mwone mapango mangapi. Kwenye ratiba uliyonitumia naona matano kwa siku mbili. Punguza. Amboni hapa, Kuumbi kule, na Mangapwani ya historia mkirudi mjini. Matano ni ya watu wa kuhesabu picha.

Shangazi yako wa Jambiani atakufikisha kwa sheha. Mpigie wewe mwenyewe, usimwachie mwalimu mwenzio, na umsalimie kwanza kabla ya kuomba. Nitumie idadi kamili ya watoto na walimu kabla ya mwisho wa mwezi huu nikaonane na waongozaji wa Amboni, na mama yako anataka kujua kama mtalala Tanga ili ajue wali wa watu wangapi. Viatu viwe vya kufunga. Atakayekuja na ndala abaki nje na mimi.

Ni mimi baba yako